Radi ya Johannesburg: kampuni ya umeme, chuo kikuu na rada iliyofika Mambrui

Ni nadra siku hizi kusikia viongozi wa Afrika wakizungumzia uchumi bila ya kutaja ubia baina ya makampuni na vyuo vikuu, na mara nyingi huzungumzwa kana kwamba ni jambo jipya lililoletwa na kompyuta na intaneti. Leo tunaelekea katika jiji la Johannesburg, nchini Afrika Kusini, ambako ubia wa aina hiyo umekuwepo kwa zaidi ya karne moja. Ni historia iliyoanza na dhahabu, ikapitia katika radi, ikatokeza hadi pwani ya Kenya wakati wa vita, na ndani yake kuna watu walionufaika na watu wasionufaika.

Itakumbukwa kuwa dhahabu ya Witwatersrand iligunduliwa mwaka 1886, na kwamba Johannesburg ilizaliwa mwaka huohuo ikiwa kambi ya mahema na mabati. Miaka michache tu baadaye mji huo ulikaribia kufa. Mawe ya juu yaliyoliwa na hewa na mvua yaliitoa dhahabu yake kwa urahisi kwa kutumia zebaki, lakini wachimbaji walipofika kina cha mita thelathini na kitu walikutana na mawe magumu yenye salfa, ambayo zebaki haikuyaweza. Bei za hisa ziliporomoka na watu wakaanza kufunga mizigo. Wokovu ulitoka Glasgow, Uskochi, ambako mkemia John Stewart MacArthur na ndugu wawili, Robert na William Forrest, walikuwa wamepata mwaka 1887 njia ya kuitoa dhahabu kwa maji ya sianidi. Mwaka 1890 njia hiyo ilionyeshwa Johannesburg, na migodi ikafufuka. Kisha likaja suala la malipo. Wenye migodi walichoka kulipia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, wakalipeleka shauri mahakamani, na mwaka 1896 mahakama ya Transvaal ikaibatilisha hataza hiyo. Kwa hiyo ugomvi juu ya nani mwenye ujuzi na nani alipe ni mkongwe kuliko chuo kikuu chenyewe.

Chuo kikuu hicho, kinachojulikana zaidi kwa jina la mkato la Wits, kilianza kama shule ya migodi. Shule ilifunguliwa Kimberley, kwenye almasi, mwaka 1896, ikahamishiwa Johannesburg mwaka 1904, ikabadilishwa jina mara kadhaa, na mwaka 1922 ikawa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Mtu angedhani kwamba matajiri wa dhahabu walikimwagia fedha tangu mwanzo. Haikuwa hivyo. Tajiri Alfred Beit, aliyefariki mwaka 1906, aliacha wasia wa pauni 200,000 kwa ajili ya chuo kikuu mjini Johannesburg, lakini baada ya mivutano ya kisiasa fedha hizo zilipelekwa Cape Town. Wakazi wa Johannesburg hawakulisahau jambo hilo kwa urahisi.

Tuje sasa kwenye radi.

Migodi ilipozidi kwenda chini ilihitaji nguvu kubwa ya kuwapandisha watu na mawe, kusukuma maji na kupuliza hewa. Mwaka 1906 iliundwa kampuni iliyokuwa na ndoto ya kuzalisha umeme kwenye maporomoko ya Victoria, Mosi-oa-Tunya kama wanavyoyaita wenyeji, na kuusafirisha hadi Johannesburg kwa waya wa takriban kilomita elfu moja. Ndoto hiyo iliachwa, kwani makaa ya mawe yalikuwa jirani na yalikuwa rahisi, lakini jina lilibaki. Kampuni ya Victoria Falls and Transvaal Power ikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa umeme, pasipo kutumia hata tone la maji ya maporomoko hayo.

Adui wake alitoka mawinguni. Johannesburg iko kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya kiangazi, kuanzia Oktoba hadi Machi, mchana wa joto humalizikia kwa ngurumo. Radi ilipopiga nyaya za msongo mkubwa, vikombe vya kuzishikilia vilipasuka, transfoma zikaungua, na mgodi ukaachwa gizani. Kwa mwenye hisa hiyo ilikuwa hasara. Kwa mtu aliyekuwa chini ya ardhi mita elfu mbili, lifti iliyosimama na feni iliyonyamaza vilikuwa na maana nyingine.

Mhandisi mkuu wa kampuni hiyo alikuwa Bernard Price, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1877, ambaye kabla ya kuhamia Afrika Kusini mwaka 1909 alikwisha kushirikiana na Charles Merz katika kubuni mfumo wa kuzilinda nyaya za umeme unaobeba majina yao wote wawili. Price alikuwa mtu wa kiwandani, lakini alielewa jambo ambalo wakuu wengi wa makampuni hawalielewi: huwezi kujikinga na kitu usichokijua. Na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ukweli ni kwamba hakuna aliyejua kwa uhakika radi inasafiri vipi.

Aliyekuwa akilitafuta jibu ni Basil Schonland, mzaliwa wa Grahamstown na mwanafunzi wa Ernest Rutherford huko Cambridge. Akiwa bado anafundisha fizikia Cape Town, Schonland alikuwa akisafiri hadi Johannesburg nyakati za radi, huku jumuiya ya wahandisi wa umeme wa nchi hiyo ikiusaidia utafiti wake kupitia kamati maalumu ya radi. Alitumia kamera iliyobuniwa na Mwingereza Charles Vernon Boys, yenye lenzi mbili zinazozunguka kwa kasi, ili kila kinachotokea kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho kitawanyike kwenye picha na kuonekana kimoja baada ya kingine. Boys mwenyewe aliibeba kamera hiyo kwa miaka mingi bila ya kuipata picha aliyoitaka. Ilihitaji anga la Johannesburg.

Mwaka 1933 Schonland na mwenzake H. Collens walipata picha zilizojibu swali. Jicho la mwanadamu huona mmweko mmoja. Kamera ilionyesha kwamba kwanza hushuka kutoka mawinguni ncha hafifu, kwa hatua za takriban mita hamsini hivi, ikisita kila baada ya hatua kama mtu anayepapasa njia gizani. Ncha hiyo inapokaribia ardhi ndipo mwanga mkali unapopanda juu kwa kasi kubwa kwenye njia iliyokwisha kufunguliwa. Mmweko tunaouona, kwa maneno mengine, huenda juu. Ugunduzi huo uliingia katika vitabu vya fizikia duniani kote, na mhandisi wa nyaya naye alipata alichokihitaji, yaani vipimo vya kasi na nguvu vya kumsaidia kuamua wapi pa kuweka waya wa ulinzi na jinsi ya kuipeleka radi ardhini.

Price alitoa pauni 10,000 kutoka mfukoni mwake, shirika la Carnegie la New York nalo likachangia, na hivyo mwaka 1936 ikaundwa katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand taasisi ya utafiti wa jiofizikia iliyopewa jina la Bernard Price. Jengo lake lilifunguliwa mwaka 1938, Schonland akiwa mkurugenzi wa kwanza. Hapa nadhani inafaa tusite kidogo. Price hakuiagiza taasisi imtengenezee kifaa fulani kufikia tarehe fulani. Aliwapa wanasayansi nyumba, fedha na uhuru wa kuchunguza, akiamini kwamba manufaa yatafika kwa njia yake. Yalifika, ila kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia.

Vita vikuu vya pili vilipokaribia mwaka 1939, Uingereza iliamua kuzipasha nchi nne za himaya yake siri ya rada. Mwanasayansi wa New Zealand, Ernest Marsden, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wa Rutherford, alikuwa akirejea nyumbani kwa meli akiwa na nyaraka za siri hiyo. Schonland alipanda meli hiyo Cape Town na kusafiri naye hadi Durban, na siku hizo chache za baharini alizitumia kusoma na kuuliza. Aliposhuka hakuwa na mtambo, alikuwa na maarifa tu.

Vifaa kutoka Uingereza havikufika. Taasisi ya Bernard Price ikaamua kujitengenezea rada yake, kwa vipuri vilivyopatikana kwa wapenzi wa redio na madukani. Haikuwa bahati nasibu kwamba kazi hiyo iliwezekana Johannesburg: watu waliokuwa wamejifunza kunasa mawimbi ya redio yanayotolewa na radi walikuwa tayari nusu ya safari. Miongoni mwao walikuwamo P. G. Gane na mhandisi kijana Guerino Bozzoli, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa mkuu wa chuo hicho. Mwezi Desemba 1939, mtambo wao ulipokea mwangwi wake wa kwanza kutoka kilima cha Northcliff, kaskazini magharibi mwa jiji.

Msikilizaji wa pwani ya Kenya huenda akashangaa kusikia rada hiyo ilipelekwa wapi. Italia iliingia vitani mwezi Juni 1940, ikiwa inatawala Ethiopia na Somalia ya Kusini, na majeshi ya Afrika Kusini yakapelekwa Kenya. Bandari ya Mombasa ilikuwa shabaha ya wazi kwa ndege za Italia. Katikati ya mwaka huo Schonland na timu yake walitua Mombasa na mtambo wao, wakaupeleka kaskazini na kuusimika Mambrui, ng'ambo ya mto Sabaki, si mbali na Malindi. Mambrui ni mji mkongwe wa Waswahili, wenye kaburi la mnara lililopambwa kwa vyombo vya kaure vya China, na ambako mwaka 2010 waakiolojia wa Kenya na China walichimbua sarafu ya mfalme Yongle. Vitu vingi vya kigeni vimefika Mambrui. Miongoni mwavyo ni rada iliyobuniwa kwenye chuo kikuu kilichokuwa kikichunguza radi kwa hisani ya mhandisi wa kampuni ya umeme wa migodi. Kutoka hapo rada za Johannesburg zilienea kwenye pwani za Afrika Kusini kwenyewe, na wengi wa walioziendesha walikuwa wanawake vijana waliotoka vyuoni.

Vita vilipomalizika, waziri mkuu Jan Smuts alimkabidhi Schonland baraza jipya la taifa la utafiti wa sayansi na viwanda, CSIR, lililoundwa mwaka 1945. Maabara yake ya mawasiliano ilipata nafasi katika viwanja vya Wits, na humo alifanya kazi Trevor Wadley, mzaliwa wa Durban mwaka 1920, pengine mvumbuzi mwenye kipaji kikubwa kuliko wote katika kisa hiki. Katikati ya miaka ya 1950, kufuatia ombi la wapima ardhi wa serikali, Wadley alibuni telurometa, kifaa kinachopima umbali wa makumi ya kilomita kwa mawimbi mafupi sana ya redio, kwa makosa ya sentimita chache. Kilipotangazwa mwaka 1957 kiliibadili kazi ya upimaji. Safari za wiki nyingi za kuburura minyororo porini zikawa kazi ya siku moja kutoka kilele hadi kilele.

Uvumbuzi wake mwingine uliwahusu wasikilizaji wa redio moja kwa moja. Wadley alibuni njia ya kuifanya redio ya masafa mafupi ishikilie stesheni bila ya kuteleza. Kampuni changa ya Uingereza, Racal, iliichukua njia hiyo na kutengeneza redio iliyoitwa RA17, ambayo majeshi na ofisi za serikali ziliinunua kwa wingi na kuifanya kampuni hiyo kuwa tajiri. Afrika Kusini yenyewe ilingoja hadi miaka ya 1970 kuuza redio ya nyumbani yenye ubunifu huo, Barlow Wadley, ambayo bado inathaminiwa na wapenzi wa masafa mafupi. Maabara ilikuwa Johannesburg na kiwanda kilichotajirika kilikuwa ng'ambo. Wanaofuatilia mijadala ya leo juu ya ubunifu barani Afrika wataitambua hali hiyo.

Wakati huohuo ujuzi mwingine ulikuwa ukikua karibu zaidi na mgodi. Taasisi ya Bernard Price ilitandaza mashine za kupima mitetemeko ya ardhi, na mwaka 1946 Gane, Hales na Oliver walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mitetemeko iliyokuwa ikitikisa vyombo vya kabatini mjini Johannesburg ilitokea kule kunakochimbwa. Mashimo ya kina kirefu yalikuwa yakivunja miamba, na miamba ilipovunjika ghafla iliwaua watu.

Na mwaka 1951 Danie Krige, mhandisi aliyesomea Wits na aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya serikali ya migodi, aliwasilisha chuoni hapo tasnifu ya shahada ya pili iliyobadili namna ya kukadiria madini. Tatizo lilikuwa rahisi kulieleza. Migodi ilipima sampuli kando ya njia za chini ya ardhi, ikachukua wastani, na kutangaza kwamba sehemu fulani ni tajiri na sehemu nyingine ni maskini. Ilipochimbwa, sehemu iliyosifiwa sana ilikuwa pungufu ya makadirio, na iliyodharauliwa ilikuwa afadhali kuliko ilivyodhaniwa. Krige alionyesha kwa hesabu kwamba hilo halikuwa bahati mbaya bali kanuni, na kwamba makadirio ya sehemu moja lazima yarekebishwe kwa kuzitazama jirani zake. Kampuni ya Anglovaal ilimchukua mwaka huohuo na akaitumikia hadi 1981, kisha akarejea Wits kuwa profesa. Mfaransa Georges Matheron aliikuza hesabu hiyo kuwa nadharia kamili na kuipa jina la Krige. Krige alifariki mwaka 2013. Hesabu iliyozaliwa kwa ajili ya wanahisa wa dhahabu ndiyo mzazi wa mbinu zinazotumika leo kuchora ramani za rutuba ya udongo na za maambukizi ya malaria, zikiwemo za Afrika Mashariki.

Hadi hapa kisa hiki kinapendeza, na kingeweza kuishia hapo kama tungewasahau waliochimba.

Mwaka 1912 iliundwa Johannesburg taasisi ya utafiti wa tiba kwa fedha zilizotolewa nusu na serikali na nusu na shirika la migodi la kuajiri Waafrika, lile ambalo wahamiaji wa kazi walilijua kwa jina la Wenela. Sababu ilikuwa homa ya mapafu, iliyowaua mno wafanyakazi waliotoka maeneo ya joto kama vile Nyasaland na kaskazini mwa Msumbiji. Vifo vilikuwa vingi kiasi kwamba mwaka 1913 serikali ilipiga marufuku kuwaajiri watu waliotoka kaskazini ya latitudo ya 22 kusini. Watafiti, Spencer Lister akiwa mmojawao, walitafuta chanjo kwa bidii ya kweli. Lakini kila hatua ya utafiti ilikuwa pia hoja ya kuufungua tena mlango wa ajira, na katika miaka ya 1930 marufuku hiyo ilianza kulegezwa. Wenela ikarudi Nyasaland, na baadaye ikafika hata kusini mwa Tanganyika, hadi harakati za uhuru wa 1961 zilipoikomesha huko. Je, sayansi hiyo ilikuwa kwa faida ya mchimbaji au ya mgodi? Kwa maoni yangu ilikuwa kwa faida ya wote wawili, lakini ni mmoja tu aliyeulizwa.

Vivyo hivyo katika usalama wa migodi. Utafiti mkubwa wa nguvu za nguzo za makaa ya mawe ulishika kasi baada ya mgodi wa Coalbrook, katika jimbo la Orange Free State, kuporomoka Januari 1960 na kuwafukia watu 435, ambao wengi wao walikuwa Waafrika na ambao miili yao haikutolewa. Kanuni iliyochapishwa na Salamon na Munro mwaka 1967 imeokoa maisha ya watu wengi, nchini humo na kwingineko. Ilichelewa miaka saba.

Na mlango wa darasani nao ulikuwa mwembamba. Wits iliwapokea Waafrika wachache, Nelson Mandela akiwa mmoja wao mwaka 1943 katika sheria, kabla ya sheria ya mwaka 1959 kuwazuia weusi kujiunga na vyuo vya wazungu bila ya kibali cha waziri, licha ya maandamano ya chuo chenyewe. Kwa zaidi ya miaka ishirini watoto wa waliochimba dhahabu hawakuweza, isipokuwa wachache mno, kuusomea uhandisi wa kuichimba katika jiji hilohilo.

Baada ya 1994 masharti ya ubia yaliandikwa upya. Mwaka 2002 Wits iliunda kampuni yake ya kuuza ujuzi na kusimamia mikataba. Sheria ya mwaka 2008, iliyoanza kutumika 2010, iliamua kwamba uvumbuzi uliogharamiwa na fedha za umma ni mali ya taasisi iliyoufanya, na kwamba kampuni inayotaka kuumiliki lazima ilipe gharama zote za utafiti, zikiwemo za majengo na mishahara. Wenye viwanda walinung'unika kuwa bei imepanda. Ukimkumbuka Wadley na redio zake, si vigumu kuelewa kwa nini wabunge waliona ni lazima. Mwaka 2016, katika mtaa wa Braamfontein, vilabu na maghala ya zamani yalifunguliwa kuwa kituo cha ubunifu wa kidijitali kilichoitwa Tshimologong, jina la Kisetswana lenye maana ya mwanzo mpya, kwa juhudi za profesa wa Wits Barry Dwolatzky. Kampuni ya IBM ilifungua hapo maabara yake ya pili ya utafiti barani Afrika. Ya kwanza ilikuwa imefunguliwa mwaka 2013 jijini Nairobi, katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki.

Na radi je? Kampuni ya Bernard Price ilinunuliwa na shirika la umeme la serikali mwaka 1948, kwa pauni milioni 14 na nusu, mwaka huohuo aliofariki Price mwenyewe. Wahandisi wa Wits hawakuiacha kazi yake. Katika karne hii wameelekeza kamera zinazopiga maelfu ya picha kwa sekunde kwenye minara miwili mirefu ya jiji, wa Brixton na wa Hillbrow, na wamenasa radi zinazoanzia kwenye ncha ya mnara na kupanda mawinguni.